Nguvu za tabia na afya ya akili ya kijana balehe: mwongozo kamili kwa mzazi, mlezi na mwalimu

Mwombe kijana wa miaka 14 akutajie kasoro zake tano. Atazitaja bila kusita, na huenda akaongeza ya sita. Kisha mwombe akutajie mema yake matano. Wengi hutazama chini, hucheka kwa aibu, au hujibu "sijui". Mema wanayo. Lakini miaka yote wamesikia majina ya makosa yao: mvivu, mkaidi, mzembe, mropokaji. Jina ulilosikia mara elfu hukaa karibu na ulimi, na lile ambalo hakuna aliyewahi kukuita hulipati hata ukilitafuta.

Kazi ya mwongozo huu ni kumpa kijana majina hayo mengine, kisha kuyapa majina hayo kazi ya kufanya siku anapoelemewa. Sehemu ya pili ndiyo watu wengi huisahau. Kijana akiambiwa "wewe una moyo wa huruma" hufurahi jioni moja. Akijifunza kuitumia huruma hiyo anapojisikia mpweke, amepata kitu cha kukaa nacho.

Nguvu za tabia, yaani sifa njema zinazoonekana katika matendo ya mtu, si vipaji. Mtoto anaweza kuzaliwa na miguu ya mbio, lakini kurudi mazoezini baada ya kushika mkia ni ustahimilivu, na huo ndio nguvu ya tabia. Vilevile si utii. Kijana mtulivu asiyesumbua mtu anaweza kuwa na sifa nyingi njema, au anaweza kuwa amekata tamaa. Kwa nje hali hizi mbili hufanana mno.

Hatua ya kwanza: Jua kwanza kama kijana anaumwa

Naanza hapa kwa makusudi, ingawa ningependa kuanza na mambo ya furaha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Mazungumzo kuhusu mema yake humsaidia kijana aliye njiani kuchoka. Aliye mgonjwa anahitaji matibabu, na mazungumzo haya yakae pembeni ya matibabu hayo.

Tazama mabadiliko yaliyodumu kwa wiki mbili au zaidi: amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, analala kupita kiasi au halali kabisa, hali chakula, amejitenga na marafiki, amezembea masomo ghafla, anajiona hana thamani. Kwa vijana, sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, mara nyingi huja ikiwa imevaa hasira. Kijana anayefoka kwa kila neno huenda ana huzuni asiyoweza kuieleza, na wakubwa humwadhibu kwa ukorofi kumbe anazama.

Ukihisi anafikiria kujidhuru, muulize waziwazi: "Je, umewahi kufikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Kwa wengi, huwa ni mara ya kwanza kupata ruhusa ya kulisema. Akijibu ndiyo, usihubiri wala usimwapishe. Kaa naye, usimwache peke yake, ondoa karibu naye dawa, sumu na silaha, na mpeleke siku hiyohiyo kwa mhudumu wa afya.

Jambo jingine la kukagua ni chanzo. Kama kijana anapigwa, anadhalilishwa shuleni au anaguswa na mtu mzima, jukumu lako ni kumwondolea madhara hayo. Kumfundisha ustahimilivu kijana anayeonewa bila kumzuia anayemwonea ni kumtwisha mtoto mzigo wa watu wazima, na ni kosa ambalo watu wenye nia njema hulifanya kila siku.

Hatua ya pili: Chunguza kwa siku saba bila kusema kitu

Chukua daftari dogo. Kwa wiki moja, andika kila siku tendo moja ambalo kijana alilifanya vizuri bila kuagizwa. Andika tendo lenyewe, usiandike hukumu. "Alimsubiri mdogo wake afunge viatu, hakumharakisha" lina faida. "Alikuwa mzuri leo" halina.

Ishara tatu zitakuonyesha palipo na nguvu halisi. Ya kwanza ni kurudia: tendo la aina hiyo linajitokeza nyumbani, kwenye mchezo, na mbele ya wageni. Ya pili ni uhai: akilifanya, sauti inapanda, anaongea haraka, anasahau simu. Ya tatu hukosewa mara nyingi: yale anayoyalalamikia. Kijana anayekasirika kila mara kwa sababu "mwalimu ana upendeleo" ana hisia kali ya haki. Anayevunjika moyo rafiki anapomdanganya, ukweli una uzito kwake. Malalamiko ya kijana ni ramani ya anachokithamini.

Siku za kwanza mbili au tatu daftari litabaki jeupe. Ni kwa sababu jicho lako limezoea kuwinda makosa, na jicho hilo halibadiliki kwa usiku mmoja. Endelea.

Hatua ya tatu: Tafuta neno la lugha yenu

Mwaka 2004 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Christopher Peterson na Martin Seligman, walichapisha orodha ya nguvu 24 za tabia walizozikusanya baada ya kupitia mafundisho ya dini na falsafa za nchi mbalimbali. Wamezipanga katika mafungu sita. Kwa Kiswahili unaweza kuyaweka hivi. Hekima: ubunifu, udadisi, fikra pevu, kupenda kujifunza, na kuona mbali. Ujasiri: ushujaa, ustahimilivu, ukweli na uchangamfu. Utu: upendo, wema, na kuwaelewa watu. Haki: kushirikiana, usawa na uongozi. Kiasi: msamaha, unyenyekevu, hadhari na kujidhibiti. La mwisho ni yale yanayomwinua mtu juu ya nafsi yake: kuthamini uzuri, shukrani, tumaini, ucheshi na imani ya kiroho.

Je, orodha iliyoandikwa Marekani inafaa kwa kila mtu? Swali hili lilichunguzwa na Robert Biswas-Diener, ambaye mwaka 2006 alichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha Wamaasai 123 wa Kenya, Wainughuit 71 wa kaskazini mwa Greenland, na wanafunzi 519 wa Chuo Kikuu cha Illinois. Ni vigumu kupata watu walio mbali kimaisha kuliko hao, lakini makundi yote yalizitambua sifa hizo na kuziona njema, na yalitaka watoto wao wawe nazo. Walitofautiana katika uzito waliozipa baadhi ya sifa, kama unyenyekevu, na katika njia za kuzilea.

Mwaka huohuo Nansook Park na wenzake walichapisha majibu ya watu wazima zaidi ya 117,000 kutoka nchi 54. Karibu kila mahali watu walijiona zaidi katika wema, usawa, ukweli, shukrani na fikra pevu. Mkiani zilikaa hadhari, unyenyekevu na kujidhibiti. Kumbuka hilo kabla hujamlaumu kijana wako kwa kukosa kujidhibiti: hata watu wazima wa dunia hii wanajiona dhaifu hapohapo.

Kwa hiyo orodha ni kianzio kizuri, lakini usiitumie kama msahafu. Kila lugha ina maneno ambayo orodha haiyabebi. Neno "haya", kwa mfano. "Haya" si aibu. Aibu ni maumivu ya kuonekana na watu, ilhali haya ni breki ya ndani inayomzuia mtu kumvunjia mwenzake heshima hata gizani. Liko karibu na unyenyekevu, liko karibu na hadhari, lakini halimo katika lolote kati ya hayo mawili. Kama ndilo neno linalomfaa kijana wako, mwite hivyo. Jina lililotoka katika lugha anayoota nalo humwingia kuliko tafsiri.

Jihadhari pia na kulinganisha alama ambazo vijana wa jamii tofauti hupata katika madodoso, yaani karatasi za maswali, ya nguvu za tabia. Madodoso humwuliza kijana ajipime mwenyewe, naye hujipima kwa kuwatazama walio karibu naye. Anayeishi kati ya watu wenye nidhamu kali anaweza kujipa alama ndogo ya nidhamu, huku mwenzake wa kwingineko akijipa kubwa, ingawa matendo yao ni yaleyale. Kuna jamii ambazo kijana mwadilifu hajipi alama ya juu kwa lolote, kwa kuwa kujisifu ni utovu wa adabu. Linganisha kijana na yeye mwenyewe wa miezi mitatu iliyopita, basi.

Hatua ya nne: Msaidie azione mwenyewe

Baada ya wiki ya daftari unajua mengi. Usimmwagie yote. Kijana wa rika hili anajenga nafsi yake, na sifa aliyopewa na mkubwa huihesabu kama nguo ya kuazima. Anza na hadithi: "Niambie siku moja mwaka huu uliyofanya jambo ukajisikia, ndiyo, huyu ndiye mimi." Sikiliza mpaka mwisho. Kisha muulize ilimgharimu nini, na kwa nini hakuacha. Sifa utaisikia katika jibu la swali hilo la pili. Hapo ndipo unaweza kutaja neno moja na kumwuliza kama linamfaa. Akisema silo, mwamini. Mwache atafute lake.

Kijana akiwa mgumu wa kujisema, au akiwa amelelewa kuona kujisema ni majivuno, mzunguke. Muulize: "Rafiki yako akiulizwa anakupendea nini, atasemaje?" Au mwombe akusanye maneno kutoka kwa watu watatu wanaomjua katika mazingira tofauti: mmoja wa nyumbani, mmoja wa shuleni, mmoja wa rika lake. Kila mmoja aandike mstari mmoja wenye tukio. Chema chajiuza, ndiyo, lakini kijana anahitaji kusikia wanunuzi wakisema walichokiona.

Lipo pia dodoso maalumu la vijana lililotokana na orodha ile ya 24. Linaweza kuwa njia nzuri ya kufungua mazungumzo. Nisingelitumia kumpangia kijana maisha, wala kuwatangazia wenzake majibu yake.

Vijana wanaolelewa kati ya tamaduni mbili wanastahili uangalifu wa pekee. Nyumbani, kunyamaza wakubwa wanapoongea ni heshima. Darasani, kunyamaza huitwa kukosa udadisi. Kijana anayebadilika kila anapovuka mlango huanza kujiona mnafiki, na hisia hiyo huchosha roho. Mwambie ukweli: sifa ni moja, mavazi mawili. Heshima ya nyumbani inaonekana katika kusikiliza, ya darasani inaonekana katika kuuliza swali lililofikiriwa vizuri. Nimeona mabega ya kijana yakishuka kwa kusikia maneno hayo tu.

Hatua ya tano: Sifia tendo, na kwa kipimo

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wazazi wengi huitumia methali hii kama sababu ya kutomsifu mtoto kabisa. Mimi naisoma hivi: methali inaonya juu ya sifa anayopewa mtu badala ya kazi. Mgema aliyeambiwa "wewe ni bingwa" hana tena la kulinda ila ubingwa wake.

Utafiti unakubaliana na wahenga. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyowafanyia watoto nchini Marekani. Watoto waliosifiwa kwa akili zao, walipokutana na kazi ngumu, walikata tamaa mapema na kufurahia kidogo kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Sifa iliyolenga hali ya kuzaliwa iliwafanya waogope kushindwa.

Sifa nzuri ina sehemu tatu: ulichokiona, jina la nguvu, na matokeo yake kwa mtu mwingine. "Jana uliposema wewe ndiye uliyevunja, ingawa hakuna aliyekuona, huo ulikuwa ukweli. Mdogo wako hakuadhibiwa kwa kosa lisilo lake." Hapo unaishia. Usiongeze "ndiyo maana nakuambia kila siku". Nyongeza hiyo huifuta sifa yote. Na kama katika familia yenu sifa ya hadharani huleta aibu au wivu, iseme mkiwa wawili, au iandike kwenye karatasi na kuiacha kwenye daftari lake.

Hatua ya sita: Ipe nguvu kazi mpya

Hapa ndipo nguvu za tabia hugusana na afya ya akili. Mwaka 2005 Seligman na wenzake waliripoti kuwa watu wazima waliotumia nguvu zao kuu kwa njia mpya kila siku kwa wiki moja walipata ongezeko la furaha na kupungua kwa dalili za sonona, na kwamba mabadiliko hayo yalionekana hata miezi sita baadaye. Kwa vijana upo ushahidi wa karibu zaidi. Mradi wa Shamiri nchini Kenya, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021, ulihusisha vijana 413 wa sekondari. Waliofuata programu hiyo walikutana kwa vikundi mara nne, mara moja kwa wiki, wakiongozwa na vijana waliomaliza sekondari si zamani. Walijifunza kuwa mtu anaweza kubadilika na kukua, walifanya zoezi la shukrani, na walitafakari tunu wanazozithamini. Dalili za sonona na wasiwasi zilipungua kwao kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma, na tofauti hiyo ilikuwapo bado miezi 7 baadaye. Haikuhitaji jengo wala mtaalamu wa shahada ya juu.

Fanya hivi. Kijana achague nguvu moja tu, ile iliyo yake kweli. Kisha achague shida moja inayomsumbua sasa. Vikutanisheni viwili hivyo kwa sentensi ya "ikitokea hivi, nitafanya hivi". Sentensi hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Mtu aliyeelemewa hana nafasi ya kubuni, anahitaji njia iliyokwisha kukatwa.

Kijana mdadisi anayeogopa mitihani: "Moyo ukianza kwenda mbio, nitaandika swali moja kuhusu somo hili ambalo bado nataka kulijua." Hofu humvuta ajitazame yeye, udadisi humrudisha kwenye somo.

Kijana mwema anayejiona mpweke: "Wakati wa mapumziko nikijikuta peke yangu, nitamtafuta mwingine aliye peke yake na kumwuliza jambo moja." Mwaka 2011 Jane Gillham na wenzake waliripoti kwamba, kati ya wanafunzi wa sekondari waliowafuatilia, nguvu zinazoelekea kwa wengine, kama wema na kushirikiana, zilitabiri dalili chache za sonona.

Kijana mcheshi anayegombana na wazazi hahitaji kuchekesha katikati ya ugomvi, hilo litawasha moto. Sentensi yake inaweza kuwa: "Tukishatulia, nitaleta jambo moja la kutuchekesha sote kabla ya kulala." Ucheshi kwake ni daraja la kurudi.

Kwa kijana aliyekata tamaa, usianze na tumaini. Nguvu hiyo huhusishwa sana na kuridhika na maisha, pamoja na uchangamfu, shukrani, upendo na udadisi, lakini kumwambia aliyevunjika "kuwa na tumaini" ni kumdai asichonacho. Anza na iliyo karibu na mkono wake, hata kama ni kuthamini uzuri: apige picha moja kwa siku ya kitu kilichomsimamisha. Tumaini mara nyingi huingia kupitia mlango wa pembeni.

Fanyeni siku saba. Kila jioni aandike mstari mmoja: nilijaribu wapi, ikawaje. Siku aliyosahau aandike "nilisahau", na asiulizwe zaidi.

Hatua ya saba: Angalia ikizidi

Kila nguvu ina ukingo. Ukweli ukizidi hugeuka ukali wa maneno. Wema ukizidi humfanya kijana ashindwe kusema hapana, na huyu ndiye anayetumiwa na marafiki kisha analia usiku. Ustahimilivu ukizidi humfunga katika urafiki unaomuumiza. Mwenye kujidhibiti sana hujinyima hata kulia.

Nalitilia mkazo hili kwa sababu kasoro nyingi tunazozikemea ni nguvu iliyopita kipimo. Mkaidi ana ustahimilivu usio na fikra pevu. Mropokaji ana ujasiri ambao haujafundishwa kuwaelewa watu. Dawa yake ni kuiwekea nguvu hiyo mwenzake: usimwambie mkaidi aache, mwulize, "Ungejuaje kama njia hii haifai tena?" Unapomwambia kijana kwamba kasoro yake inatokana na jambo jema lililofurika, unabadilisha mazungumzo yote. Hajilindi tena.

Darasani na kwenye vikundi

Yote yaliyotangulia hufanya kazi kwa kundi, na matatizo mapya mawili. Kwanza, wapo vijana watakaotajwa na kila mtu na wapo ambao hakuna atakayewataja. Mwalimu ajiandae mapema kuwa na tukio halisi la kila mmoja wa hao wa mwisho. Pili, kundi hupenda nguvu za waongeaji: uongozi, ucheshi, ushujaa. Zile tulivu kama hadhari, msamaha na kuthamini uzuri zipewe siku zao. Waangalie pia wasigawane sifa kwa jinsia, wasichana wapewe wema na wavulana ushujaa. Mvulana mwenye huruma akikosa kutajwa kwa huruma yake atajifunza kuificha.

Wiki ya nne

Kaeni tena, kijana na wewe, na daftari zenu mbili. Muulize ni wapi sentensi yake ilimsaidia na ni wapi ilimwangusha. Kama ilimwangusha, badilisheni shida au sentensi kabla ya kuibadilisha nguvu yenyewe, maana kosa mara nyingi huwa kwenye kazi aliyopewa. Kama usingizi, hamu ya chakula na urafiki bado vinadhoofika baada ya wiki hizi nne, usimwongezee zoezi. Rudi hatua ya kwanza, umtafutie mshauri nasaha au daktari.

Kama mambo yanakwenda, mpe kalamu na umwombe akutajie nguvu moja aliyoiona kwako wewe, pamoja na tukio. Nyamaza akiwa anaandika. Pengine atachukua muda mrefu, na pengine utakachokisoma hujawahi kuambiwa na mtu.